Alichosema Walter Kabla Mbwa Hawajabweka

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikajikuta nimeinua kalamu, nasubiri marahaba yako, ile uliyokuwa ukiivuta taratibu huku unanitazama kuanzia miguuni kuona kama nimevaa viatu. Nimevaa, Baba. Na soksi mbili pia.

Nakuandikia nikiwa jikoni, kwenye fleti ile ile ya Thorncliffe Park, huku Kanada, ghorofa ya kumi na nne, mbele ya dirisha ulilolisukuma kwa bega mpaka likafunguka, na tangu siku hiyo halijafungika sawasawa. Kila msimu wa baridi naziba upenyo ule kwa gazeti. Kila mwaka fundi wa jengo ananiuliza nani aliliharibu, nami namjibu kuwa nililikuta hivyo. Kumbe uongo nimeuzoea siku nyingi.

Kaka Yohana alinipigia juzi. Alisema mwezi ujao watajengea makaburi yenu, lako na la Mama, yote mawili kwa pamoja, na siku hiyo kila mtoto atasema neno. Mimi niliye mbali niandike, yeye atasoma. Halafu akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema, "Usiache kuweka ile ya sungura wa Kanada. Watu wanaipenda sana! Mzee kaambiwa simama, kasahau, kakimbia na mbwa, kapigwa risasi na Mzungu." Nikacheka naye. Tulipomaliza kuongea nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

Ndiyo maana barua hii inasomwa mbele za watu. Nilitaka kukuandikia wewe peke yako, lakini hadithi ile iko midomoni mwa kijiji kizima, na mimi ndiye niliyeiweka huko. Yohana, nakuomba usiruke mstari hata mmoja, hata ule utakaotaka kuuruka.

Acha nianzie mbali kidogo, Baba, kule ulikonifundisha kukimbia.

Nilikuwa na miaka minane. Yohana aliogopa miiba (msomaji wetu atanisamehe), kwa hiyo ulinichukua mimi. Tulikwenda wewe, mimi na majirani wawili watatu, kwenye lile korongo nyuma ya shule, kiangazi nyasi zikiwa zimekauka. Tulijipanga mstari mmoja tukawa tunapiga vichaka kwa fimbo, mbwa wako wametangulia. Mmoja alikuwa Tutaonana, mzee, mwenye sikio moja. Mwingine alikuwa bado hana jina. Tuliporudi siku ile ya kwanza, kina mama kisimani wakasema mtoto wa kike anaharibiwa, anakimbizana na mbwa porini, nani atamwoa. Ulisimama, ukawasikiliza mpaka wakamaliza, ukawaaga vizuri. Tulipofika nyumbani ukamtazama yule mbwa mdogo ukasema huyu jina lake ni Waache. Kuanzia siku hiyo kila jioni ukawa unapita njia ya kisimani unamwita kwa sauti kubwa, "Waache! Waache, twende nyumbani!" Mama alikuwa anajificha ndani kwa aibu, lakini nilimwona akicheka.

Kanuni yako ilikuwa moja. Mbwa wakilia, kimbia. Usiulize, usitazame nyuma, usisimame kuvuta pumzi. Ulinieleza sababu tukiwa tumekaa chini unanitoa miiba: mbwa wakimkamata sungura na mtu hayupo, watamrarua na kumla, na kesho yake watawinda kwa ajili yao wenyewe, hawatakusikiliza tena. Kwa hiyo lazima mtu afike. Anayefika wa kwanza anamshika sungura miguu ya nyuma na kumwinua juu, na kabla binadamu hajagusa chochote, mbwa aliyekamata anapewa kichwa na maini pale pale. "Yeye ndiye aliyefanya kazi," ulisema. Safari ya tatu nilifika wa kwanza mimi. Ulinipa nyama ya mgongo nibebe mwenyewe, tukapita nayo kisimani. Sijawahi kutembea vile tena, hata siku nilipopata cheti cha uuguzi.

Halafu yakaja mambo ya bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori. Alikuja na pikipiki, kijana mwenye heshima zake, akaeleza kwamba kuwinda bila kibali ni kosa, hata kama ni sungura. "Kibali cha sungura," ulirudia, na wiki nzima ukawa unalisema peke yako, ukichota maji, ukifunga viatu, kibali cha sungura. Hukumchukia. Lakini hukuwa mtu wa kujificha, na kuwinda kwa kujificha ulisema ni wizi. Baadaye korongo likalimwa alizeti, zikaja nyumba. Nilipoondoka kuja huku ulikuwa na mbwa wawili wa kulinda kuku. Ulikuwa unawatembeza asubuhi na fimbo yako begani, mnakwenda mpaka kwenye alizeti, mnasimama, mnarudi.

Mama alipofariki nikasema hutakaa peke yako, uje kwangu miezi sita. Ulifika mwezi wa kumi, majani ya huku yakiwa mekundu, ukauliza kama miti yote inaumwa.

Sasa nafika mahali ambapo naona aibu kabla hata ya ile aibu kubwa. Baba, mimi nilikuwa mnyapara wako. Nilikuwa sijitambui. Baba, usifungue dirisha. Baba, usishike vichwa vya watoto wa watu kwenye lifti. Baba, usiteme. Baba, kofia. Baba, umezima jiko? Binti yangu Neema naye, wakati huo ana miaka tisa, akaniiga kwa Kiingereza chake: "Babu, you can't. Babu, not there." Na wewe uliyekuwa ukiinua kidole kikao cha ukoo kikanyamaza, ulikuwa unajibu, "Sawa." Baada ya wiki kadhaa ikawa, "Sawa, mama." Ulisema mama kama mtu anavyomwambia karani wa ofisini ili asimkasirishe.

Siku moja nilirudi kutoka zamu saa tisa mchana nikakukuta umekaa ukingoni mwa kitanda umevaa koti, kofia na viatu. Nikakuuliza unakwenda wapi. Ukasema, "Sijui. Nangoja uniambie." Nilicheka nikidhani unanitania, lakini hukucheka. Yote yaliyofuata yalitokana na sentensi ile, au tuseme yalitokana na mimi kushindwa kuivumilia.

Walter hukumjua kwa muda mrefu, kwa hiyo acha niwaeleze na wengine. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mke wake alikuwa chumba cha mwisho upande wangu, hatambui mtu, na Walter alikuwa anakuja kila siku saa sita kumlisha mwenyewe. Sweta lake lilijaa manyoya ya mbwa. Wenzake walikuwa wanatuonyesha picha za wajukuu, yeye alituonyesha mbwa: wafupi wa miguu, masikio marefu yanayoburuta, mbwa wanaofuata sungura tu na si kitu kingine. Siku moja nikamwambia baba yangu alikuwa anawinda sungura kwa mbwa. Kijiko kikabaki hewani. "Baba yako? Yupo hapa? Mjini?" Akaniambia nikulete Jumamosi.

Ndani ya gari, tukielekea kaskazini, nilikutafsiria habari zake zote. Kwamba chama chao cha wawindaji kilikuwa na watu zaidi ya ishirini, sasa wamebaki watano wenye magoti mazima. Kwamba watoto wao hawataki, wanaona ni ukatili, au wanaona ni baridi. Kwamba mashamba yanauzwa kujengwa nyumba, na kila mara halmashauri inasogeza mpaka ambao ukiuvuka huruhusiwi kupiga bunduki, na mpaka unazidi kusogea kuelekea kwake. Alikuwa amesema, "Tutabaki kuwinda kwenye picha." Ulicheka mpaka ukakohoa. "Huyu mzee ni wa kwetu," ulisema. "Mwambie na mimi bwana nyama alinimaliza." Nilimwambia tulipofika, naye akacheka akakupiga begani. Naandika hili ili ijulikane kwamba kutafsiri nilikuwa najua.

Theluji ilikuwa nyembamba, unaona nyasi. Walter akafungua banda, mbwa wakatoka wanne, na wewe ukachuchumaa ukawaachia mikono waunuse. Kisha ukatia vidole viwili mdomoni ukapiga mluzi wako ule, na wote wanne wakasimama wakakutazama. Walter akasema jambo ambalo haliwezi kusomwa mbele ya mchungaji. Ukavunja fimbo kwenye ua, ukaipima mkononi, ukaitupa, ukavunja nyingine. Akakuvisha kizibao cha rangi ya chungwa juu ya koti, ukaniuliza sungura hawatatuona na hizi nguo? Ulikuwa umenyooka. Tangu tumzike Mama sikuwa nimekuona umenyooka hivyo.

Ndipo Walter akanishika mkono akanivuta pembeni. Akasema nikueleze vizuri, nisikose neno, kwamba wewe utasimama penye kisiki kile na hutasogea mpaka akuite. Huku mtu hakimbii na mbwa. Sungura wa huku akikurupushwa anazunguka, anarudi mwenyewe karibu na pale alipotokea, na watu wanasimama kimya na bunduki wanamngoja. Akanionyesha kwa kidole: mwenzake mmoja kule, mwingine kule, yeye mwenyewe pale. Akasema pia anafurahi sana umekuja, kisha akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa.

Nikakugeukia. "Anasemaje?" ukaniuliza.

Baba, nilitazama uso wako nikamwona yule mtu aliyekaa kitandani na koti lake. Miezi miwili nimekukataza kila kitu, na leo, penye mbwa, penye nyasi, niseme tena usisogee? Nikuambie wewe, uliyenifundisha kwamba mbwa wakilia mtu anakimbia, kwamba huku kuwinda ni kusimama? Mdomo ulikataa. Nikatabasamu nikasema, "Anasema karibu sana, Baba. Ujisikie uko nyumbani."

Nilikuwa na mpango wangu. Watangulie kwanza, kisha nije nisimame ubavuni kwako nikueleze polepole, kama siri, kama jambo la kuchekesha la hawa watu. Walter alikuonyesha kisiki kwa mkono, ukaenda ukasimama. Mimi nikaona nikulete chai kwanza. Chupa ilikuwa garini, hatua hamsini hivi. Mkono wangu ulikuwa kwenye mlango wa gari mbwa walipolia.

Nikageuka. Nikaona kizibao cha chungwa kinapita vichakani, mzee wa miaka sitini na tisa na fimbo juu, anapiga kelele, "Huyooo! Shika! Shika!" Na nitasema jambo baya, kwa kuwa nimejiahidi kusema yote. Kwa kitambo kidogo, kabla akili haijarudi, nilifurahi. Miguu yangu ilitaka kukufuata. Nilikuwa na miaka minane na nilitaka kufika wa kwanza. Kisha nikapiga ukelele, "Baba, simama!" Neno nililopaswa kulisema dakika kumi kabla nikalisema wakati huo, na bunduki ikalia juu ya neno hilo.

Walter aliiona ile rangi dakika ya mwisho akashusha mdomo wa bunduki. Marisau, zile risasi ndogo ndogo, yakakuingia mguu wa kushoto, chini ya goti. Nilipofika ulikuwa umekaa kwenye theluji unautazama mguu wako kwa mshangao, wala hukuwa unalia. Ukaniuliza, "Wamempata?"

Njiani kwenda hospitali Walter aliniuliza mara moja tu, akiwa anaendesha, "Ulimwambia?" Nikasema nilikuambia.

Kisha akaja askari pale kitandani, dada mmoja mpole mwenye daftari. Akaniomba nikuulize kama uliambiwa usisogee. Nikakuuliza hivyo hivyo, Baba, kwa Kiswahili safi, neno kwa neno. Ulinitazama. Mimi nikatazama shuka. Kisha ukauliza, "Mwenyeji wangu anasemaje?" Nikasema anasema alitoa maneno hayo. Ukasema, "Basi aliyatoa. Nimekula chumvi yake, siwezi kumfanya mwongo mbele ya serikali."

Nikamgeukia askari nikasema kwa Kiingereza: ndiyo, aliambiwa, akasahau.

Kusahau hukukusema. Hilo neno nililiongeza mimi. Nililiongeza ili hadithi ikae vizuri, Walter asionekane mzembe, na mimi, hasa mimi, nisiulizwe tena. Askari akaandika. Hakuna aliyeshtakiwa. Walter alinishika mkono kwenye korido akalia, akanishukuru kwa ukweli wangu.

Wiki ile ile nikakwangua kadi ya simu nikampigia Yohana. Mzee amepata ajali, si kubwa, aliambiwa asisogee akasahau. Ulipotua mwezi wa nne na mguu unauburuta, lile neno lilikuwa limeshafika kabla yako. Nilikuwa nalisikia kwenye simu, limekuwa jirani wa nyumbani. Mzee anasahau. Kanisani wakampa mwingine masomo ya Jumapili, wakasema upumzike, ulikuwa umesoma miaka ishirini bila kukosea mstari. Kwenye vikao ukisema jambo wanaitikia kwa adabu, kisha wanamwuliza Yohana. Mke wa Yohana akaanza kukuambia kila kitu mara mbili, kwa sauti, mdomo karibu na sikio. Wewe, uliyekuwa unakumbuka mbwa wote wa miaka arobaini, na mama zao, na nani alikupa! Na mimi niliyesoma kazi ya kuuguza wazee, ninayejua kuliko wote huko nyumbani jinsi mzee anavyonyauka akianza kutendewa kama hayupo, nilikuwa nasema, "Jamani, mwangalieni Baba."

Halafu ulinipigia wewe mwenyewe. Miaka miwili ilikuwa imepita. Wewe hukuwa unapenda simu, kwa hiyo nikajua ni jambo. Ulisema hivi, nayakumbuka yote:

"Mwanangu, nataka nikuulize, usikasirike. Siku ile kwa yule mzee. Nakumbuka fimbo mbili. Nakumbuka mbwa wa masikio. Nakumbuka ulisema anasema karibu sana, ujisikie uko nyumbani. Baada ya hapo nakumbuka mbwa wamelia. Hapo katikati kulikuwa na neno lingine? Nalitafuta silipati."

Ulikuwa umekumbuka kila kitu, Baba. Hapakuwa na kitu cha kutafuta. Ulikuwa umenifungulia mlango, na ningeweza kupita kwa maneno mawili tu. Nikasema, "Ndiyo, Baba. Nilikuambia usisogee. Umesahau tu, si kitu."

Nikasikia unavuta pumzi. "Haya," ulisema. "Basi ni kweli wanavyosema."

Wiki iliyofuata Yohana aliniambia umewagawa mbwa wako wote wawili kwa mwalimu mkuu. Ulimwambia mtu anayesahau hafai kukabidhiwa mbwa. Na baada ya hapo, kama wote mlioko hapo mnavyojua, Baba alianza kweli kukaa kimya, akiulizwa jambo anasema muulizeni Yohana, mimi nasahau.

Mimi nimewapa watu habari za misiba, Baba. Nimewashika mikono watu nisiowajua nikawaambia mama yenu hatafika asubuhi. Sikuogopa. Lakini wewe nilikuogopa. Sikuogopa hasira yako, hasira yako ilikuwa inapita. Niliogopa ujue kwamba nilikuonea huruma. Kwamba asubuhi ile nilikutazama nikakuona mdogo, na kwa kukuonea huruma nikakupeleka mbele ya bunduki, halafu kwa kujionea huruma mwenyewe nikakunyang'anya akili zako. Naona aibu. Sina namna nyingine ya kulisema.

Walter hakupiga bunduki tena. Mbwa watatu aliwapa mtu wa mbali zaidi kaskazini, akabaki na jike mmoja mzee. Ule mpaka wa halmashauri ulifika kwake ukampita, chama chao kikafa bila mtu kutangaza. Mwaka juzi aliletwa kwetu, chumba cha pili kutoka kile cha marehemu mke wake, na mimi nikawa namlisha saa sita. Siku moja akaniuliza habari zako na mguu wako. Nikamwambia mguu upo. Kisha, sijui kwa nini siku hiyo, nikamwambia yote. Nilimweleza hata maneno niliyokuambia badala ya yake.

Akasukuma bakuli la supu pembeni. Akasema, "Kwa hiyo alifanya alichoambiwa."

Nikasema ndiyo.

"Mtu alifanya alichoambiwa, neno kwa neno," akasema tena, na machozi yakamtoka. "Na yeye, umemwambia?"

Nikasema nitakupigia Jumamosi. Jumamosi mwenzangu mmoja aliugua nikashika zamu mbili. Jumapili nilikwenda Mississauga kwenye ibada ya Kiswahili, na baada ya ibada kulikuwa na chakula, na watu, na nikasema kesho. Jumatatu kwenye kundi letu la WhatsApp Yohana akaandika sentensi moja tu: Baba hatunaye tena.

Kwa hiyo umeondoka unaamini ulisahau.

Mwezi wa tano nilikwenda pale shambani. Sasa ni nyumba tu, Baba, zimefanana zote, kila moja na kijani chake mbele. Nilitafuta kisiki nikakadiria kilikuwa mahali ambapo sasa kuna njia ya kuingilia gari la mtu. Sungura mmoja alikuwa amekaa kwenye nyasi za jirani anakula, mchana kweupe, na mama mmoja akapita na kigari cha mtoto karibu yake, wala sungura hakuinua kichwa. Hawakimbizwi tena na mtu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mtu anavyopaswa kusimama mbele ya nyumba ya watu, mpaka mwenye nyumba akatoka akaniuliza kama nimepotea.

Sasa, Yohana, soma polepole, na mke wako asikie, na mchungaji, na mwalimu mkuu aliyepewa mbwa. Baba yetu hakusahau. Siku ile alikuwa na akili timamu, na siku aliyonipigia simu alikuwa na akili timamu kuliko mimi. Hakuambiwa. Aliyetakiwa kumwambia ni mimi, na sikumwambia, na nilipoulizwa nilisema nimemwambia, mara tatu, kwa watu watatu, na wa tatu alikuwa yeye. Mkiisimulia tena hadithi ya sungura wa Kanada, naomba muisimulie hivyo. Mkitaka kucheka, nichekeni mimi.

Baba, siombi uniitikie. Naomba tu nimalize kazi niliyopewa na Walter asubuhi ile. Ninakwenda nayo pale penye theluji nyembamba, wewe na fimbo yako ya pili, mbwa wanakunusa viatu. Unaniuliza, "Anasemaje?"

Baba, anasema hivi. Usimame hapa penye kisiki, usisogee mpaka yeye akuite. Anasema huku watu hawakimbii na mbwa, kwa sababu sungura wa huku anazunguka, atarudi mwenyewe mpaka hapa ulipo, tumngoje tu. Kuna bunduki kule, na kule, na pale atakuwepo yeye. Mtu yeyote asikimbie, hata mbwa wakilia namna gani. Anasema tena anafurahi sana umekuja, siku nyingi hajapata mgeni wa kuwinda naye. Ni hayo tu, Baba. Hakuna neno lingine.

Ni mimi mwanao, uliyenipa nyama ya mgongo nipite nayo kisimani.